Choo cha Sitini na Nne

Mashimoni, Kibera
13 Januari 1981

Muli,

Salamu utazipata kwa mdomo wa Syokau akileta vikapu vyake sokoni kwenu, maana mimi leo sina nguvu za salamu. Nimeoga mara tatu na bado nanuka.

Uliuliza kazi ile ya vyoo inaendaje. Imekwisha. Vyoo sitini na vinne. Nimeingia kila kimoja kwa miguu yangu, nikachungulia shimo, nikauliza ni watu wangapi wanakitumia, nikajaza fomu. Wale wakubwa wa ofisi yenu ya usafi walitufundisha asubuhi moja kanisani, akina mama sita, wakatugawia kalamu wakarudi mjini. Wenzangu wanne hawakurudi siku ya pili. Sella alijitahidi mpaka choo cha tisa, akatapika pale mlangoni, akaniachia na kalamu yake. Simlaumu. Mimi mwenyewe tangu Jumatano sijaweza kula ugali kwa mkono, nakula kwa kijiko kama mgeni.

Hali ya choo tunaiandika kwa namba. Moja ni kizuri, mbili kimejaa, tatu ni hatari. Unajua nimeandika moja mara ngapi? Mara mbili, na hizo ni kwa huruma tu. Kile cha kumi na saba, karibu na nasari ya watoto ya Seline, kinatumiwa na watu tisini na wanne. Funza wamepanda mpaka kwenye kitasa. Mbao za chini zimeoza, ukikanyaga zinacheza. Nthenya, yule anayefulia watu nguo, alinishika mkono akaniambia, "Mama Lenah, hii kitu itameza mtu siku moja. Ambia hao watu wasikawie."

Nikamwambia atulie, mashine yenyewe inashikwa na Muli wetu, aliyepanga chumba hapa kwa ploti yangu miaka mitatu. Nimewaambia wote hivyo, mlango kwa mlango. Ndiyo sababu walinifungulia. Sasa wamenishika kwa neno langu, na neno langu uko nalo wewe.

Choo cha ploti yetu nimekiandika mwisho, namba sitini na nne. Nacho ni tatu, unakijua.

Fomu zimefungwa kwa kamba. Usizisogeze karibu na chakula.

Mama Lenah


Kabiro, Kawangware
20 Januari 1981

Mama Lenah,

Fomu nimezipokea kwa Syokau pale sokoni, zote sitini na nne. Nilipozifungua ofisini jamaa wa meza ya pili akauliza ni nani ameleta samaki waliooza. Nikazianika dirishani kutwa nzima.

Nimezitobolea kadi mimi mwenyewe, sikumwachia mtu. Kila choo nimekipa kadi yake ngumu yenye matundu, maana mashine haisomi mwandiko, inasoma matundu. Juu ya rundo nikaweka kadi ya kichwa, inayosema hii ni orodha ya Mashimoni. Na sasa nivumilie nikueleze jambo tamu, kwa sababu hapa Kabiro ninaoishi nao wananiuliza tu kama kompyuta inaweza kupiga muziki.

Mashine inazipanga zile kadi ndani yake kama vyumba vya ploti, kila chumba na namba yake. Nikitaka kufanya jambo kwa vyote, siandiki amri sitini na nne. Naandika moja. Naiambia: anza chumba cha kwanza, fanya hivi, nenda cha pili, fanya vilevile, endelea mpaka cha mwisho. Inakwenda. Haichoki, haitapiki kama Sella, haimruki mtu kwa sababu ni maskini wala haimpendelei mtu kwa sababu ni shemeji. Kufumba na kufumbua imemaliza. Siku ya kwanza kuona hivyo nilitaka kupiga makofi. Ni kama wewe unavyomimina chai kanisani, kikombe hadi kikombe, mkono uleule.

Tukishaingiza kadi, kuna programu nyingine inayopita orodha yote. Kila inapokuta namba tatu, inachapa karatasi ya lori la kunyonya choo. Dereva akipewa karatasi anatoka. Kwa hiyo waambie watu wako wangoje, siku zao za kuziba pua zimekaribia kwisha.

Wako,
Muli


Mashimoni
27 Januari 1981

Muli,

Nimewasomea Nthenya na Seline ile barua yako. Seline amesema umekuwa mwalimu. Nthenya amesema atakuamini akiliona lori.

Lakini kwenye chai hukunitazama vizuri, na ulikaa kwangu miaka mitatu. Mimi sianzi kikombe cha kwanza nikaishia cha mwisho basi. Changu ndicho cha mwisho, siku zote, hata birika likibaki na majani matupu. Kwetu mwanamke aliyeshika mwiko akijipakulia mapema, wageni wanarudisha sahani. Ndiyo sababu choo changu nimekiandika sitini na nne, ingawa ndicho nilichoanza kukikagua, maana kiko mlangoni pangu. Mashine yako inajua adabu kama hiyo?

Mvua ikinyesha kabla ya lori, tutaogelea. Fanya haraka.

Mama Lenah


Kabiro
10 Februari 1981

Mama Lenah,

Samahani kwa kukawia, ofisini kumekuwa na pilikapilika. Kuna wageni wa ng'ambo wanakuja kuona kazi ya usafi, na Bwana Chege, mkubwa wetu, hakai wala hatuachi tukae.

Orodha ya Mashimoni imeshughulikiwa yote.

Wasalimie hapo.

Muli


Mashimoni
24 Februari 1981

Muli,

Naandika Syokau akiwa amesimama mlangoni na vyondo vyake begani, kwa hiyo mwandiko usiuangalie.

Lori limekuja leo asubuhi. Nilisikia honi nikatoka mbio na kitambaa mkononi, nikafikiri ni mwanzo. Watu walitoka wote. Wengine walipiga vigelegele, kwa lori la mavi, fikiria. Likapita choo cha kwanza, likapita cha kumi na saba, likaja moja kwa moja mpaka ploti yetu. Likanyonya chetu, likakunja mpira wake, likaanza kugeuza.

Nikamshika dereva kwa dirisha. Anaitwa Ogola. Nikamwambia, "Na hizo zingine?"

"Mama, karatasi ni moja tu. Namba sitini na nne."

"Na kumi na saba?"

"Hizo zingine ziko sawa. Kompyuta imesema."

Akaondoka, na mpira ukidondokadondoka njia nzima. Niligeuka nikakuta watu wote hawaangalii lori, wananiangalia mimi. Nthenya aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akaingia ndani.

Kuna kosa mahali. Litafute, na uniandikie hata mistari miwili niwaonyeshe.

Mama Lenah


Kabiro
27 Februari 1981

Mama Lenah,

Hata mimi nimeshangaa. Huenda karatasi zingine zilipotea njiani kati ya ofisi na yadi ya malori, mambo hayo hutokea. Nitauliza. Waambie wawe na subira.

Muli


Mashimoni
16 Machi 1981

Muli,

Barua hii nimeitia stempu kwa sababu Syokau amekataa kuibeba. Amesema vyondo vyake vina kazi safi.

Ulisema utauliza. Siku kumi na saba umeuliza nani?

Mvua imeanza. Alhamisi mbao za choo cha kumi na saba zilivunjika, Nthenya akiwa juu. Mguu mmoja ulizama mpaka kwenye paja. Wanaume wanne walimvuta, na msumari ukamchana kutoka goti kushuka chini. Nilikwenda na maji ya chumvi na kitambaa safi. Akasema toka. Nilisimama nje ya mlango wake nikasikia harufu ya kile kidonda na ya kile choo zimechanganyika, na sikujua ni ipi inayonitapisha.

Ijumaa asubuhi nilifungua mlango nikakuta ndoo nzima ya kinyesi imemwagwa kizingitini. Nimekizoa kwa sepetu. Majirani walikuwa wanapiga mswaki, wanatazama, hakuna aliyesema pole.

Na jana kanisani. Nilisimama baada ya ibada nikashika birika kama kawaida. Seline akaja akalitoa mkononi mwangu, polepole, hata hakunivuta. Akasema, "Pumzika, Mama Lenah. Wewe ushajipakulia."

Miaka kumi na moja nimemimina chai ile.

Wanasema nilitembea nyumba kwa nyumba nikihesabu uchafu wao ili niuze, nikapata langu. Wanasema, "Kijana yake ako kwa kompyuta, si ulitarajia nini?" Nimewaonyesha barua yako ya mashine isiyopendelea mtu. Mmoja wao ameipangusia kiatu.

Sitaki kusikia habari ya karatasi zilizopotea. Nimekulisha, Muli, nakujua unavyoandika ukiwa na kitu tumboni. Ile ya Februari kumi ilikuwa na mistari mitano. Niambie ulifanya nini.

Nabalayo Wangila


Kabiro, Kawangware
22 Machi 1981

Mama Lenah,

Barua yako, uliyoitia sahihi kwa jina lako kamili, nimeisoma Ijumaa na leo ni Jumapili. Karatasi tatu nimechana.

Hakuna karatasi iliyopotea. Ni mimi.

Wale wageni walitaka kuonyeshwa vyoo vilivyokwisha kutengenezwa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetengenezwa. Bwana Chege alikuja mezani kwangu akasema, "Muli, si wewe unajua kupitisha amri moja kwa orodha yote? Hali yote iwe moja." Nilimwambia kuna vyoo vya hatari mle. Akasema vitashughulikiwa baadaye, hii ni ya wageni tu, na kama siwezi, kuna vijana wengine mlangoni wanaoweza. Nikaketi nikaandika. Kuanzia cha kwanza hadi cha sitini na nne, hali iwe moja. Kazi uliyoifanya wiki mbili ukivumilia uvundo niliifuta kwa dakika nne. Nilikuwa hata nimebeba chapati, nilikula nikingoja mashine imalize.

Sasa utauliza, mbona chako kikabaki. Hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Rundo lilikuwa na kadi sitini na tano: ile ya kichwa juu, kisha vyoo sitini na vinne. Kichwa kikaingia chumba cha kwanza. Choo cha kwanza kikaingia chumba cha pili, na hivyo hivyo, mpaka chako kikawa chumba cha sitini na tano. Mimi nilihesabu vyoo nikaiambia mashine isimame sitini na nne. Ikasimama hapo hapo kwa utii wote. Ikakipa hali nzuri kichwa ambacho si choo, na vyoo sitini na vitatu vilivyojaa funza, na chako haikukifikia. Kikabaki na tatu yake, tatu ya kweli uliyoiandika. Ile programu ya lori ilipopita ikakuta tatu moja tu katika Mashimoni nzima.

Kwa hiyo sikukupendelea. Ungejiandika wa kwanza, au katikati, choo chako kingeitwa kizuri kama vingine, lori lisingekuja kwa mtu yeyote, na wewe ungelaani ofisi pamoja na majirani zako.

Nilijua tangu ile barua ya lori. Niliisoma nikahesabu kadi kwa kidole nikaona. Nikakuandikia uongo.

Kadi zenyewe Bwana Chege alisema nizichome. Sikuzichoma. Ziko sandukuni chini ya kitanda. Sijui niliziweka kwa nini, pengine kwa woga tu.

Naomba msamaha.

Muli


Mashimoni
26 Machi 1981

Muli,

Nimeingia vyoo sitini na vinne na hakuna kilichonichafua moyo kama barua yako.

Kwa hiyo nimemwagiwa mavi mlangoni kwa sababu ya adabu yangu. Ningekuwa mlafi ningekuwa salama. Hilo nimelisoma mara mbili, nikaweka karatasi chini, nikatoka nje nikatema mate.

Chapati. Ulikuwa unakula chapati.

Msamaha unaniomba mimi peke yangu, kwa bahasha, ukiwa Kawangware. Nikiwaonyesha hii barua watasema tumepanga. Mwandiko wako hauna thamani hapa tena, na wangu pia. Nthenya bado analala na mguu juu ya gunia.

Uliniambia mashine yako inafanya jambo lilelile kwa kila mmoja, haichoki na hairuki mtu. Nilifurahi nikawasomea watu. Basi sasa iwe wewe. Njoo na hizo kadi. Anza choo cha kwanza. Wakusanye watumiaji wake, useme ulichokifanya, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia, uwape kadi yao yenye hali yao ya kweli. Nenda cha pili, ufanye vilevile. Usifupishe ukiona watu ni wachache, na usitafute maneno matamu ukifika kwa mwenye ngumi. Cha kumi na saba usikipite mbio.

Usiniletee habari ya kazi yako. Unaijua kazi yangu uliifanya nini.

Nabalayo


Kabiro, Kawangware
6 Aprili 1981

Mama Lenah,

Nilikuja Jumamosi, bila shaka uliambiwa kabla sijafika choo cha tatu.

Nilianza saa moja asubuhi. Maneno yalikuwa hayohayo: "Mimi ndiye Muli. Choo chenu kiliandikwa hali yake ya kweli. Nilikiandika kizuri kwa sababu mkubwa wangu alisema, nami niliogopa. Mama Lenah hakujua. Chake kilibaki kwa kosa langu la kuhesabu. Kadi yenu ni hii." Choo cha kwanza ilinibidi niseme mara mbili. Cha pili mzee mmoja aliniuliza kama nimelewa. Cha tano walicheka, na hicho kicheko kiliniuma kuliko kofi nililopigwa cha kumi na moja. Kwingine waliniambia niingie kwanza, nifunge mlango, nihesabu mpaka mia, ndipo niseme. Niliingia. Nilihesabu. Nilitoka nikatapika, na mama mmoja akasema, "Ala, kumbe hata mtu wa kompyuta ako na tumbo."

Ndiyo nimeelewa kazi uliyoifanya. Mashine haikuwahi kupita Mashimoni, Mama Lenah. Ilipita namba.

Cha kumi na saba Nthenya alitoka kwa mkongojo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kadi, akaitazama yale matundu. Akauliza, "Mimi ni shimo gani hapa?" Nikamwonyesha. Seline alikuwa hapo. Ndiye aliyesema wakusanye kadi zote waende nazo ofisini, kila mtu ashike yake.

Nilifika cha sitini na tatu saa kumi jioni. Kutoka pale mpaka ploti yenu ni hatua kama ishirini. Nilikuona umekaa mlangoni unachambua mboga. Pale kizingitini bado pana alama ya chokaa uliyomwaga baada ya ile ndoo. Nikasimama. Nikageuka nikapitia nyuma kwenye reli.

Kadi yako bado ninayo.

Leo asubuhi barua ya Bwana Chege ilinikuta getini, sikuingia hata ndani. Unajua imesema nini.

Muli


Mashimoni
10 Aprili 1981

Muli,

Hii imebebwa na Syokau. Nilikuwa natafuta stempu, akanyoosha mkono tu akaichukua.

Watu thelathini na wanane walikwenda ofisini Jumatano wakiwa wameshika kadi, Nthenya mbele na mkongojo wake. Waliambiwa wangoje. Wakasema watangojea hapo ndani, na wengi walikuwa wametokea chooni moja kwa moja bila kunawa miguu. Seline anasema makarani walifungua madirisha yote. Jana lori lilikuja likanyonya cha kumi na saba na vingine vinne. Leo halijaja. Mvua haikukatika, na kwenye njia ya kisimani yanapita mambo ambayo sitayaandika.

Kuna walionisalimu. Kuna wasionisalimu, wanaona haya, na haya yao yananichosha kuliko matusi. Aliyemwaga ndoo hajasema. Namjua kwa ndoo yake.

Sijakusamehe. Nikikumbuka ile chapati roho inachafuka upya.

Nilikuona Jumamosi. Nilikuwa nimekaa hapo mlangoni tangu saa sita, mboga zenyewe nilizichambua mara tatu. Nilikuhesabu unavyokuja, choo kwa choo. Umefika sitini na tatu ukasimama. Ni mara ya pili, Muli, na safari hii hukuwa na kadi ya kichwa ya kusingizia.

Njoo Jumapili, baada ya ibada. Usimame mbele yangu useme yaleyale, usipunguze neno, na unipe kadi yangu. Birika wamenirudishia. Nitamimina wote, halafu wewe, halafu mimi.

Mama Lenah